Rangi Haizuii Mvua

Imekuwa desturi katika nchi yetu, hasa wakati shule zifungwapo, vijana kukusanyika makundi makundi, wakachukua nyundo, ngazi na makopo ya rangi, wakaenda kuitengeneza nyumba ya jirani aliyepatwa na dhiki: mjane, mzee asiye na watoto, mgonjwa asiyeweza tena kupanda juu ya paa lake, au yatima walioachiwa kuta bila baba wala mama. Hawalipwi, na wengi wao hawatazamii kulipwa. Msomaji, pengine wewe ni mmoja wao. Kama ndivyo, nakuheshimu kwa jasho lako, na kwa kuwa nakuheshimu sitakuficha neno: sehemu kubwa ya kazi ifanywayo kwa jina hili ni kazi ya macho. Humfurahisha apitaye njiani, na humwacha aishiye ndani pale pale alipokuwa.

Tazama namna mambo yaendavyo. Kundi hufika asubuhi. Mwenye nyumba hutolewa nje, akawekwa juu ya kiti chini ya mwembe kama mgeni katika ua wake mwenyewe. Kuta hupakwa rangi ya samawati. Mlango hubadilishwa. Godoro jipya huingizwa. Kisha bibi huitwa, husimamishwa mbele ya ukuta unaong'aa, huambiwa acheke, na picha hupigwa. Jioni wageni huondoka wakiimba. Wiki tatu baadaye mvua ya masika hushuka, na maji hupita katika tundu lile lile la bati kuukuu lililoyapitisha mwaka uliotangulia, yakadondoka juu ya godoro jipya. Hakuna aliyepanda juu kutazama, maana paa haliingii katika picha.

Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena habari ya kuziba, si ya kupaka. Nyumba ya udongo yaweza kusimama miaka mingi sana ikilindwa na maji. Adui yake hushambulia pande mbili. Kutoka juu, maji hupenya penye misumari iliyolegea, yakalowesha makombamoyo mpaka yakaoza. Kutoka chini, matone yaangukayo kwenye upenu mfupi huruka na kuula ukuta miguuni, kidogo kidogo, mpaka fito zikaonekana kama mbavu za ng'ombe wa ukame. Misumari michache, kipande cha bati, upenu ulioongezwa urefu wa mkono mmoja, na mfereji wa kuyapeleka maji ya paa katika pipa: vitu hivi havipendezi machoni, walakini ndivyo viipavyo nyumba maisha. Na hilo pipa, likijaa, humpunguzia mtoto wa kike safari za mtoni.

Baada ya paa, sakafu. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni jambo linalodharauliwa sana. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wako watu, wakubwa kwa watoto, wanaosumbuliwa na funza, hata wengine hawawezi kutembea sawasawa wala kwenda shule. Wako wanaowacheka na kusema kwamba ni uchafu wao. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika, na yasemekana aliingia Angola mwaka 1872 pamoja na meli iliyotoka Brazili. Kabla karne ile haijaisha alikuwa amelivuka bara zima na kufika pwani yetu ya mashariki. Watoto wake hukua katika vumbi, na sakafu ya udongo mkavu ni kitalu chao. Basi unapomwosha mtoto miguu leo, ukamrudisha kulala juu ya vumbi lile lile, umefanya nini?

Nchi ya Meksiko imetupa ushahidi juu ya jambo hili. Mwaka 2000 katika jimbo la Coahuila ulianzishwa mpango ulioitwa Piso Firme, wa kuwapa maskini saruji ya kusakafia nyumba zao. Wataalamu walifuata nyuma kupima matokeo, wakayatangaza mwaka 2009: pale sakafu ya udongo ilipobadilishwa yote kuwa ya saruji, maambukizo ya vimelea kwa watoto yalipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Mama zao nao walionekana kuwa na huzuni kidogo na kuridhika zaidi na maisha. Sakafu tu! Haikuwa rangi, wala pazia, wala saa ya ukutani. Mifuko ya saruji, mchanga, kokoto na migongo ya vijana ishirini kwa siku moja au mbili vyaweza kumtendea mtoto jambo ambalo makopo mia ya rangi hayawezi.

Lakini yako mambo ambayo hata kijana mwenye akili na nia njema hawezi kuyajua kwa kutazama. Mbu waletao malaria hupenda kuingia kwa ule mwanya ulioko kati ya ukuta na paa. Jaribio lililofanywa nchini Gambia, likatangazwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba nyumba zilizozibwa mianya na kuwekewa wavu ziliingiwa na mbu wachache zaidi, na watoto waliolala humo hawakupungukiwa damu kwa wingi kama wenzao. Basi je, twende tukazibe kila mwanya tuuonao? Polepole. Huenda mama wa nyumba hiyo hupika ndani kwa kuni, na mwanya ule ndio njia pekee ya moshi. Ukiuziba pasipo kumfanyia jiko la nje au bomba la moshi, umemwondolea mbu na kumpa kikohozi. Nani ajuaye anapika wapi, na upepo hutoka upande gani usiku? Ajuaye ni yeye uliyemweka chini ya mwembe.

Hili ndilo kosa nililonalo shauri nalo kuliko yote. Wageni wengi humhesabu mwenye dhiki kuwa hana shauri kwa sababu hana fedha. Babu zetu hawakufanya hivyo. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Na kila taifa katika nchi hii lilikuwa na namna yake ya kushirikiana kazi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka mwaka 1938, ameeleza jinsi nyumba ya Kikikuyu ilivyojengwa kwa siku moja: wanaume wakishughulika na miti, wanawake wakileta nyasi za kuezekea, na mwenye nyumba akiwaandalia marafiki zake chakula na kinywaji. Angalia cheo chake katika siku hiyo. Yeye ndiye mwenyeji. Yeye ndiye aonyeshaye mlango uelekee wapi. Na kesho, jirani ajengapo, yeye naye atakwenda na shoka lake. Alipokea msaada, na wala hakupungua utu kwa kuupokea.

Wako watakaonijibu kwamba bila picha wafadhili hawatoi, na bila wafadhili bati halinunuliwi. Neno hili lina ukweli ndani yake, na mimi sidai kwamba kamera itupwe baharini. Ipigeni picha sakafu. Lipigeni paa kabla na baada, na hesabu ya misumari mkitaka. Lakini uso wa mama mzee, pamoja na matambara yake na sufuria yake iliyotoboka, si stakabadhi ya kumpelekea mfadhili. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, yasema kwamba kila mtu ana heshima ya asili na haki ya kuheshimiwa na kulindiwa heshima hiyo. Haikuongeza maneno "isipokuwa aliyepewa godoro."

Wengine husema, maskini hachagui. Huu ni usemi wa kikatili uliovishwa kanzu ya hekima. Asiyechagua ni mfungwa.

Na wako wasemao kwamba kazi hii yote ni ya serikali. Ni kweli kwamba kifungu cha 43 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na kijana afungaye bati la jirani asiache kuwauliza viongozi wake wamefanya nini. Lakini mvua haingoji bajeti. Yote mawili yafanywe.

Kwa upande wa watendaji, yuko mmoja anayestahili kutajwa. Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alianza mwaka 1984 kujitolea katika shirika la Habitat for Humanity, lililoanzishwa mwaka 1976 na kuingia Kenya mwaka 1982. Hakwenda kukata utepe. Alikuwa seremala hodari, naye alishika nyundo. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 95, alianguka nyumbani kwake akashonwa usoni, na baada ya muda mfupi akaenda mjini Nashville na bandeji yake kuendelea na kazi. Jamaa wanaopata nyumba kwa njia hiyo nao hutakiwa kutoa saa zao za kazi katika ujenzi, kwa hiyo siku ya kuingia huingia wakiwa wajenzi.

Mjini liko jambo jingine la kuangaliwa. Katika mitaa kama Kibera na Mathare walio wengi ni wapangaji. Ukimtengenezea mpangaji chumba kikapendeza, mwenye chumba aweza kupandisha kodi mwezi ufuatao, na uliyemsaidia akalala nje. Basi zungumza kwanza na mwenye chumba, mbele ya wazee wa mtaa, mkaandikiane kodi kabla ya kufungua kopo.

Likizo ijayo, utakapokwenda na wenzako, enda siku ya kwanza mikono mitupu. Piga hodi, uketi, umwulize mwenyeji wako maji huingia wapi mvua inyeshapo. Mwulize anapika wapi, watoto hulala wapi, ni kitu gani angekitengeneza mwenyewe kama angalikuwa na nguvu. Umchukue fundi mmoja ajuaye paa, kwa maana moyo mwema juu ya kenchi iliyooza huvunja miguu. Mwenyeji akitaka kuwapikia uji, unyweni. Na mwezi wa Mei, masika ikiwa imekolea na hakuna wa kuwapiga picha, rudini na ngazi mkaone kama panavuja.