BWANA SHAMBA: Kipepeo wa kwenye ua na kiwavi wa kwenye jani



Mwezi wa Mei masika yanakwisha hapa Karagwe na Kyerwa. Kando ya barabara alizeti mwitu imefunua maua ya njano. Mubirizi, ule mti mchungu wa dawa, nao una maua meupe. Simama hapo asubuhi, jua likishapanda. Utaona vipepeo wengi. Hunywa maji matamu ya maua kwa mrija mrefu, kisha huukunja mrija huo chini ya kichwa. Kipepeo hana meno. Hawezi kula jani lako.

Lakini mtazame yule mdogo, mwenye mabawa ya rangi ya chungwa na ukingo wa kahawia. Huyo ni kipepeo wa viazi vitamu. Akitoka kwenye ua, huenda shambani kwako kutaga.

Nilipoanza kazi, mzee mmoja alinionyesha vipepeo hao kwenye mubirizi wake. Nikamwambia ni wazuri. Hatukwenda shambani. Baada ya wiki chache akaniita. Matuta yake yalibaki na vikonyo vitupu. Viazi hivyo ndivyo alivyovitegemea wakati wa kiangazi. Alinitazama tu, hakusema neno.

Kipepeo huyu hutaga mayai mengi pamoja, juu au chini ya jani. Baada ya wiki moja hivi hutoka viwavi wadogo. Kwa wiki mbili hukaa pamoja, ndani ya utando kama wa buibui. Huo ndio wakati wako. Chuma majani yenye utando pamoja na viwavi wake, uyachome moto. Ukichelewa hutawanyika. Mchana hujificha chini, usiku hula. Kiwavi akishiba hugeuka pupa, na ndani ya pupa hutoka kipepeo.

Wengine huniuliza, "Nipige dawa ya kahawa?" Hapana. Majani hayo mnapika mboga, na dawa huua nyuki. Msifyeke maua pia. Vipepeo wengi hawana ubaya na mazao. Watoto wao hula nyasi na magugu.

Yule mzee ana simu sasa. Akiwaona kwenye mubirizi hunipigia. Husema, "Bwana Shamba, wazuri wako wamefika." Nikifika kwake humkuta tayari yuko kwenye matuta, anainua majani.