Uvira: Kwa nini redio na GPS vinasumbua jua likishazama

Anayefungua redio ya mawimbi mafupi jioni huko Uvira mara nyingine husikia sauti inapanda, inashuka, inapotea. Si lazima redio iwe mbovu. Kuanzia karibu kilomita 100 juu, mwanga wa jua hujaza hewa chembe za umeme. Tabaka hilo ndilo linarudisha mawimbi chini, na ishara za GPS pia hupita humo.

Sumaku ya dunia ndiyo inazipanga chembe hizo. Ikweta ya sumaku haipiti hapa, inapita Ethiopia. Chembe hurundikana pande zake mbili, na Uvira iko karibu na rundo la kusini. Giza likiingia, mapovu makubwa huvuruga tabaka hilo, zaidi karibu na Machi na Septemba.

FM ya mjini haiguswi, maana haitegemei tabaka hilo. Lakini mvuvi wa ndakala anayetoka Kalundu usiku, telefone inaweza kumwonyesha fasi isiyo yake.

Miaka ya 1950 watafiti wa IRSAC walipima tabaka hilo Lwiro, si mbali na Bukavu. Kazi ya namna hiyo ingali inahitajika: vipimo vya Ulaya peke yake havitoshi kueleza anga ya Uvira. Kwa sasa, mvuvi abebe dira, asiamini telefone tu.