Kengele ya Moshi na Ufunguo wa Mlango



Zamani nyumba nyingi za vijijini zilijengwa kwa miti na udongo. Ziliezekwa kwa nyasi. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi, na moshi ulipita hapo ukatoka nje. Watu walilala juu ya vitanda vya kamba. Nyumba hizo ziliungua mara nyingi, na sisemi turudi huko.

Sasa tazama nyumba ya leo. Ni ya matofali na bati. Ndani ina dari. Madirisha yana nondo, na mlango ni wa chuma. Usiku unafungwa kwa kufuli kwa ndani. Umeme umefika, au kuna sola. Kuna godoro la sponji, makochi, mapazia na vyandarua. Ni nyumba nzuri, na mwenyewe ameitolea jasho. Lakini moto ukizuka usiku, moshi hauna pa kutokea. Na wenye nyumba je, wana pa kutokea?

Watu wengi hudhani kwamba moto huua kwa kuunguza tu. Mara nyingi moshi hutangulia. Sponji ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu. Katika muda wa dakika chache chumba kinajaa. Usitegemee kwamba harufu itakuamsha. Mtu aliyelala hasikii harufu vizuri, na sumu ya moshi humzidishia usingizi. Kinachoweza kumwamsha ni sauti kali.

Ndiyo maana kuna kengele ya moshi. Ni chombo kidogo cha mviringo, ukubwa wake kama kisahani. Wengine hukiita king'amuzi cha moshi. Usikichanganye na king'amuzi cha televisheni! Aina moja ina mwanga mdogo ndani yake. Moshi ukiingia, mwanga ule hutawanyika, na chombo kikitambua hilo kinalia kwa sauti kali sana. Huko Marekani kengele hizi zilienea majumbani tangu miaka ya 1970, na huko imeonekana kwamba watu wachache zaidi hufa katika nyumba zenye kengele inayofanya kazi.

Maoni yangu ni haya. Nyumba yenye dari na nondo inahitaji kengele ya moshi, nayo inunuliwe kabla ya televisheni. Najua neno hili halitawapendeza wote.

Katika darasa letu mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kengele ya nini, na mimi nina mbwa?" Watu walicheka. Swali lake ni zuri. Mbwa hulala nje. Anabweka kwa ajili ya fisi, mlevi na mpita njia, na wewe umezoea kulala huku anabweka. Mzee mwingine alisema zimamoto wapo. Ni kweli, wapo, na namba yao ya simu hapa Tanzania ni 114. Ipige. Lakini gari lao huwa mjini, na barabara yetu unaijua, hasa wakati wa masika. Dakika za kwanza ni zako wewe na majirani zako.

Kengele isifungwe jikoni. Kila ukikaanga vitunguu italia, na siku ya tatu mtu ataing'oa. Ifunge darini, kwa sababu moshi hupanda juu. Mahali pazuri ni ukumbini, karibu na milango ya vyumba vya kulala, umbali wa mita 3 au zaidi kutoka jikoni. Usiibane kwenye kona. Ukiweza kupata ya pili, iweke katika chumba wanacholala watoto. Kama nyumba yako ni ya nyasi na mnapikia humo humo kwenye mafiga, kengele hii haikufai sasa. Fedha yako itumie kwanza kujenga jiko la nje, na kuacha kibatari kwa kununua taa ya sola.

Kuifunga ni kazi ya skrubu mbili. Kazi kubwa ni kuitunza, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kengele nyingi hutumia betri. Betri ikikaribia kwisha, kengele hulia kidogo, "tii", kisha inanyamaza, kisha "tii" tena. Hapo watu huchukia. Wanatoa betri ili walale, wanasema watanunua nyingine kesho. Kesho hiyo haifiki. Wengine huitoa betri ili wakaitumie kwenye kitu kingine. Kengele inabaki darini kama pambo, na wenye nyumba wanalala wakiamini kwamba inawalinda. Naona hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kengele. Siku hizi zipo kengele zenye betri ya ndani ya miaka 10, isiyoweza kutolewa. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini mimi ningechagua hiyo.

Mara moja kila mwezi bonyeza kitufe chake. Ikilia, ni nzima. Fanya hivyo siku ya kikao cha kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ili usisahau. Futa vumbi na utando wa buibui kwa kitambaa kikavu. Usiipake rangi. Na kwa kuwa sasa unajua kusoma, geuza kengele uangalie nyuma. Utakuta tarehe iliyotengenezwa. Ikifika miaka 10, nunua nyingine, hata kama bado inalia.

Nitoe onyo moja hapa. Mahali penye baridi, kama Njombe au Lushoto, wapo watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, kisha wanafunga mlango na dirisha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kengele ya moshi haiitambui hewa hiyo. Jiko la mkaa lisilale ndani, kengele iwepo au isiwepo.

Sasa nirudi kwenye kufuli. Kengele inaita tu. Haifungui mlango. Mwezi wa Machi mwaka 2001, katika shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, bweni liliteketea usiku. Wavulana 67 walikufa. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja tu unaotumika usiku, na ufunguo wake uko mfukoni mwa baba, katika suruali iliyotundikwa mahali asipopajua mtu mwingine. Akisafiri, mama anauweka chini ya mto.

Wezi wapo, nakubali. Siwaambii mng'oe nondo zote. Fundi anaweza kutengeneza dirisha moja la chumba cha kulala lenye nondo za bawaba, zinazofunguka kwa ndani. Mwombe akupe bei. Wakati unatafuta fedha hiyo, piga msumari mmoja ukutani karibu na mlango, mbali na dirisha ili mwizi asivute ufunguo kwa kijiti. Uwe chini kiasi cha kufikiwa na mtoto wa miaka saba. Ufunguo ukae hapo kila usiku. Leo, kabla ya kulala, zima taa, kisha mwambie kila mmoja wa nyumbani, mtoto na bibi pia, autafute ufunguo gizani na kufungua kufuli. Hesabu ni muda gani wanatumia.