Tani 15 Zingebebwa na Nani?

Juzi usiku bwenini, jamaa mmoja alitusimulia kisa cha L 59, ile meli ya anga ya Wajerumani, na chumba kizima kikatulia.

Na kweli ni kisa. Novemba 21, 1917, puto hilo lenye urefu wa mita 226 liliondoka Jamboli, Bulgaria, kwenye kituo cha meli za anga cha jeshi la majini la Ujerumani. Lilibeba kama tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine vya kumpelekea Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akipigana huku kwetu. Halikutarajiwa kurudi. Huku hakukuwa na haidrojeni ya kulijaza tena, kwa hiyo lingevunjwa na kitambaa chake kishonewe mahema. Lakini likiwa Sudani, redio ikaleta amri: rudini. Novemba 25 likatua Jamboli, baada ya saa 95 hewani na kilomita zaidi ya 6,700.

Mimi nikauliza: sawa, tuseme limefika. Hizo tani 15 zingebebwa na nani?

Kimya.

Jamani, hakukuwa na malori ya kutosha wala punda wa kuhimili mbung'o. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 25. Piga hesabu: ni vichwa 600 vya watu. Katika vita ile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, upande wa Mjerumani na wa Mwingereza, wengi kwa njaa na maradhi. Safari ya L 59 tunaijua saa kwa saa. Wapagazi wengi hata majina yao hayakuandikwa. Kariakoo, tunakokimbilia bumu likitoka, imepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Wangapi kati yetu tunalikumbuka hilo tukiwa tunabishania bei ya raba?

Nyumbani kwetu Masasi, marehemu bibi alikuwa akisema babu yake alichukuliwa kwenda kubeba mizigo, hakurudi. Jina lake tunalo. Kaburi hatulijui.

Sisemi tuache kusoma habari za Jamboli. Tuzisome. Ila likizo hii, kabla hujarudi na unga na karanga za mama, kaa na wazee wako, uliza nani wa ukoo wenu alichukuliwa, kisha andika. Wazee nao wanaondoka.