Neno refu si elimu

Jamani, leo nimekasirika, mnivumilie.

Jana mchana chumba cha habari tulikuwa tunashindana kwa herufi. Mtu kaandika R, E, T, A, I, N kwenye karatasi: nani ana neno refu zaidi la Kiingereza lenye zote? Bwana mmoja akaongeza S, akatoa "retsina". Makofi! Nikamuuliza maana yake. Hajui. (Ni mvinyo wa Ugiriki unaotiwa utomvu wa msonobari, nami niliufahamu kwa kufungua kamusi.) Halafu binti aliyeko mafunzo kwa vitendo, aliyeona "retain" tu, akaulizwa mbele za watu chuoni alikwenda kusomea nini.

Hivi tunapima nini pale? Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015, na Kifaransa hazungumzi. Mwaka 2024 akafanya vilevile kwa Kihispania. Alikariri orodha za maneno, basi. Kipaji kikubwa, namvulia kofia, lakini huwezi kumtuma Paris akamhoji waziri.

Sasa sisi mtu akipanga herufi saba tunamwita msomi, na asiyeweza tunamfanya mjinga!

Yule binti wiki iliyopita aliandika habari ya bomba la maji kwa Kiingereza kilichonyooka, ikaenda ukurasa wa kwanza. Bwana Retsina bado ananiletea zake nimrekebishie sentensi.