Mchezaji Huru na Jezi ya Mtoto

Ndugu msomaji, kila ligi inapomalizika, nyumba zetu za Temeke na Kinondoni huingia katika msimu mwingine usio na mwamuzi wala filimbi: msimu wa usajili. Barazani, katika daladala na kwenye vijiwe vya kahawa, swali huwa moja tu. Yule nyota ambaye mkataba wake unakwisha atabaki, au atavuka kwenda kwa watani?

Mwaka 2024 swali hilo lilikuwa chungu kweli kweli. Clatous Chama, Mzambia aliyejiunga na Simba mwaka 2018, alikuwa amefikia mwisho wa mkataba. Huyu ndiye aliyefunga bao la dakika ya mwisho dhidi ya AS Vita ya Kongo mwezi Machi 2019, katika Uwanja wa Taifa ulioko hapa hapa Temeke, na kuipeleka Simba robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Tarehe 1 Julai 2024 Yanga ikatangaza kwamba amekuwa wao.

Jioni ile jirani yangu mmoja, mwana Msimbazi wa kufa na kuzikana, aliitwaa jezi ya mwanawe yenye jina la Chama mgongoni, akaitia moto uani. Mtoto alilia, si kwa ajili ya Chama, bali kwa kuwa jezi ile mama yake aliinunua kwa fedha za vitumbua. Mama hakutamka neno. Usiku ule chakula kililiwa kimya.

Kesho yake nilimwendea. Sikumlaumu, nilimkumbusha tu. Mwaka uliotangulia, mkataba wake kiwandani ulipokwisha, yeye mwenyewe alihamia kiwanda kingine kilichomwongezea mshahara. Je, kuna aliyeichoma ovaroli yake? Alicheka pasipo kupenda.

Msomaji, haki hii ya mchezaji haikuanguka kutoka mbinguni. Zamani klabu za Ulaya ziliweza kumzuia mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha, mpaka klabu mpya ilipe ada. Mbelgiji Jean-Marc Bosman aliposhindwa kwenda Dunkerque ya Ufaransa mwaka 1990, alikwenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba, yu huru kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja huo bila ada. Leo kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kutia saini kwingine mkataba wake ukiwa umebakiza miezi 6 au pungufu.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2021 ni Simba yenyewe iliyomuuza Chama kwa RS Berkane ya Morocco, kabla hajarejea mwaka 2022. Klabu inapouza, tunaiita biashara. Mchezaji anapoondoka kwa hiari yake, tunauita usaliti. Mizani hiyo si ya haki, nasi wafanyakazi tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Na je, nyota mmoja huibeba timu? Yanga ilitwaa ubingwa msimu wa 2024/25, lakini huo ulikuwa wa nne mfululizo, na mitatu ya kwanza iliupata bila yeye. Simba nayo, pasipo Chama, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwezi Mei 2025, ikafungwa na Berkane ile ile. Baada ya msimu mmoja tu wa Jangwani, Chama alihamia Singida Black Stars. Jezi iliyoungua haikumzuia mtu, wala haikufunga bao.

Ndugu msomaji, ipende timu yako, mtanie jirani, hata ununie matokeo ukitaka. Lakini hasira ya usajili isivuke kizingiti cha mlango wako. Mtoto hujifunza kutoka kwetu namna ya kumuaga mtu aliyemaliza kazi yake: kwa shukrani, ama kwa matusi.

Jirani yangu alinunua jezi nyingine mwisho wa mwezi, tena kwa fedha zake mwenyewe. Ni nyekundu kama ile ya kwanza. Mgongoni ameandikisha jina la mwanawe.