Bima ya maili ihesabu maili tu

Ndugu Mhariri,

Kuna jambo linalotuumiza sisi wasomaji wako tunaoishi Texas, hasa tunaofanya kazi za usiku. Ni bima ya gari ya kulipia kwa maili.

Kwa asiyeijua, bima hii haina kiasi kimoja cha kila mwezi. Unalipa ada ya msingi, kisha senti kadhaa kwa kila maili unayoendesha. Tuseme ada ni dola 50 kwa mwezi na maili moja ni senti 6: aliyeendesha maili 400 atalipa dola 74, na aliyeendesha maili 1,100 atalipa dola 116. Hesabu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Gari lililolala uani halimgongi mtu. Hapa Vickery Meadow, Dallas, tumo watu wa Tanzania, Kenya na Kongo, wengine wamefika kwa kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na wengi tumepanga karibu na kazi. Gari ni la kazini, sokoni, kanisani au msikitini, basi. Hata hivyo sheria ya Texas inamtaka kila mwenye gari awe na bima isiyopungua dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Mwenye kipato kidogo hasamehewi. Ndiyo maana wengi wetu tuliikimbilia bima hii iliposemwa kwamba unalipia unachotumia.

Lakini ukishaingia kwenye mkataba, maili zinakuwa sehemu ndogo tu ya kinachopimwa.

Kampuni yangu ilinitumia kifaa cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani; kampuni nyingine hutaka uweke programu kwenye simu. Kifaa kile kinaandika nimetoka wapi, nimefika wapi, saa ngapi, kwa mwendo gani, na nimefunga breki kwa nguvu mara ngapi. Ulipofika wakati wa kuhuisha mkataba, ada ya msingi ikapanda. Sikuwa nimepata ajali wala kuandikiwa faini, na maili zangu zilikuwa zile zile. Nilipopiga simu kuuliza, nikajibiwa kwamba ninaendesha sana usiku wa manane.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu yangu inaanza saa tano usiku. Mzee aliyepooza anahitaji kugeuzwa kitandani saa nane za usiku asipate vidonda, na lazima awepo mtu aliyeendesha gari kwenda kumgeuza. Sikatai kwamba barabara za usiku zina hatari zake. Ninachokataa ni kuuziwa bima ya umbali, kisha kutozwa kwa saa ya kazi ambayo sikuichagua. Angalia ni nani wanaofagia maofisi usiku, wanaopanga mizigo kwenye maghala, wanaokesha na wagonjwa katika mji huu: wengi ni wahamiaji. Tulioivumilia zamu ambayo wengine hawaitaki ndio tunaoongezewa ada.

Hata hiyo hesabu ya breki inaniudhi. Kwenye barabara kuu ya Central Expressway mtu akikuchomekea mbele, usipokanyaga breki mnagongana. Kifaa kitaandika breki yako. Yule aliyekuchomekea hakimwandiki popote.

Halafu kuna betri. Kifaa kinakula umeme wa gari hata likiwa limezimwa. Kwa gari linalotoka kila siku huenda usione tofauti, lakini bima hii inawalenga watu ambao magari yao hukaa. Mzee mmoja Mkongomani, jirani yetu, huendesha kwenda kliniki na kanisani tu. Amekuta gari limekufa uani na kuomba vijana waje kuliwasha kwa betri ya gari jingine. Alipouliza kama anaweza kukichomoa kifaa kwa siku ambazo haendi popote, aliambiwa kwamba kikichomolewa atahesabiwa maili za juu kabisa za siku nzima. Mtu amekaa ndani na anatozwa kama aliyesafiri!

Wanaofikiria kujiunga nawaomba pia waulize habari ya safari ndefu. Baadhi ya kampuni huacha kuhesabu ukishafikisha maili 250 kwa siku, nyingine zina masharti yao. Sisi ni watu wa misiba na harusi. Kutoka Dallas hadi Houston kwenda na kurudi ni karibu maili 480.

Linalonitia hofu zaidi ni mahali taarifa hizi zinakokwenda. Januari 2025 Mwanasheria Mkuu wa Texas, Ken Paxton, aliishitaki kampuni ya bima ya Allstate pamoja na kampuni yake tanzu ya Arity, akidai kwamba zilikusanya mienendo ya madereva kupitia programu za simu bila ridhaa yao ya kweli. Mwezi huo huo tume ya serikali kuu inayolinda walaji ilitangaza hatua dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, na kuipiga marufuku kwa miaka 5 kuzipa kampuni za kutoa ripoti za watu taarifa za mahali na mwendo wa madereva. Wako madereva waliopandishiwa bima kwa sababu magari yao yenyewe yalikuwa yakitoa taarifa zao bila wao kujua. Kwa mtu aliyekimbia nchi yake akifuatiliwa, hili la kuandikwa kila anakokwenda si dogo.

Kampuni husema bila kifaa hakuna njia ya kujua maili. Njia ipo. Texas yenyewe ilipitisha sheria ya kuruhusu bima ya maili mwaka 2001, na hapa hapa Dallas palikuwa na kampuni ya MileMeter, iliyoanza kuuza bima ya aina hii mwaka 2008 kwa kutegemea odomita tu, yaani kipimo cha maili kilichomo garini. Mile Auto hadi leo inamtaka mteja apige picha ya odomita kila mwezi. Isitoshe, katika wilaya yetu ya Dallas magari mengi lazima yapimwe moshi kila mwaka, na fundi huandika namba ya odomita kwenye ripoti. Anayedanganya atajulikana.

California wamekwisha kulimaliza jambo hili. Kura ya wananchi ya mwaka 1988, inayojulikana kama Proposition 103, iliweka maili za mwaka kuwa miongoni mwa vigezo vikuu vya bei ya bima, na kanuni zao zinaruhusu kifaa kihesabu maili lakini zinakizuia kukusanya mahali gari lilipo. Kampuni za bima bado zinafanya biashara huko.

Ninaiomba Idara ya Bima ya Texas iliyoko Austin iweke kanuni kama hiyo: anayeuza bima kwa maili ahesabu maili, mteja apewe hiari ya kutumia picha ya odomita, na saa ya usiku isiwe sababu ya kupandisha ada ya aina hii. Wenzangu mlioongezewa ada bila maelezo, pelekeni malalamiko kwenye idara hiyo, na ombeni kwa LexisNexis, mojawapo ya zile kampuni za kutoa ripoti za watu, nakala ya taarifa walizonazo juu yenu. Ni haki yenu na hailipiwi. Bunge la Texas hukaa katika kikao chake cha kawaida mara moja kila miaka miwili, kuanzia Januari ya mwaka wa namba witiri. Nimeanza kuandika barua kwa mbunge wa eneo letu. Viongozi wa makanisa, misikiti na jumuiya zetu za Dallas na Fort Worth wanaotaka kuweka sahihi wanitafute kupitia ofisi yako.

Msomaji wako,
Msaidizi wa wauguzi, zamu ya usiku
Dallas, Texas